Mita ya mizunguko: Kifaa kidogo kinachoweza kuokoa injini ya pikipiki kuukuu

KWA mkulima wa milimani, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo punda wake, ndiyo lori lake. Ikilala kwa fundi wiki moja, kabichi zinaozea shambani na mteja wa sokoni anahamia kwa mwingine.

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi hiyo ni Honda CG125 au zile za Kichina zilizoiga injini yake. Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976, ikiwa na injini ya silinda moja ambayo vali zake husukumwa na fito. Ni injini rahisi na mvumilivu. Hata hivyo, nyingi zina mita ya mwendo tu, hazina mita ya kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Kwa nini uhesabu mizunguko?

Mwendo na mizunguko ni vitu viwili tofauti. Kilometa 30 kwa saa unaweza kuzipata kwa gia ya pili au ya nne, lakini injini haiumii sawasawa.

Ukipanda mlima na magunia mawili ya mbolea huku mizunguko iko chini mno, injini inakabwa. Inatetemeka, inagonga na kupata joto kupita kiasi.

Hatari ya pili iko kwenye mteremko. Anayeshuka na mzigo kutoka Lushoto kwenda Mombo hutumia gia ndogo kusaidia breki, na hilo ni jambo jema. Lakini wengi hudhani kwamba ukifunga mafuta injini imepumzika. Sivyo. Mlima unaisukuma kupitia mnyororo, na inaweza kuzunguka kuliko inavyostahili ingawa hujavuta mafuta hata kidogo. Kwa injini za aina hii, nguvu ya juu hupatikana kati ya mizunguko 8,000 na 9,000 kwa dakika. Kuipitisha hapo ni kuzichosha vali, fito na ringi bila faida.

Jinsi ya kuifunga

Mita za umeme zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri huwa na waya wa chanya, waya wa ethi na waya wa kuhesabu cheche. Kwanza hakikisha pikipiki yako inatumia betri ya volti 12, kwani baadhi ya zile za zamani ni za volti 6 na mita ya volti 12 haitafanya kazi ipasavyo.

Zima ufunguo na chomoa waya hasi wa betri. Funga mita karibu na taa, kisha zungusha usukani kushoto na kulia kuona kama kuna waya unaobanwa.

Waya wa chanya uungwe baada ya swichi ya ufunguo, ukiwa na fyuzi ndogo. Kwenye Honda nyingi huo ni waya mweusi, na ethi ni wa kijani, lakini pima kwa mita ya umeme kwanza maana pikipiki kuukuu huwa imepitia mikono mingi. Usichukue umeme kwenye waya wa taa kubwa, kwani pikipiki nyingi za zamani huilisha taa hiyo mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye sumaku.

Kama maelekezo yanaruhusu, waya wa kuhesabu uzungushe mara nne au tano juu ya ngozi ya waya wa plagi bila kuikata. Kuuunga kwenye koili ya mfumo wa CDI ni hatari kwa mita ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwani umeme wa pale hufikia mamia ya volti.

Kosa lililonigharimu

Mita yangu ilikuwa na swichi ya kuchagua idadi ya cheche. Nikijivunia elimu yangu, nilijua kuwa injini ya mipigo minne huchoma mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili, nikachagua hivyo. Nilisahau kuwa pikipiki nyingi ndogo hupiga cheche kila mzunguko, moja ya kazi na moja ya bure.

Matokeo yake mita ilisoma mara mbili ya ukweli. Ilipoonyesha 6,000 nilibadili gia, kumbe injini iko 3,000. Kwa wiki mbili nilipanda milima nikiikaba na kuchoma petroli zaidi, huku nikiamini naitunza.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Injini ikiwa ya moto na hujavuta mafuta, CG125 huzunguka takriban 1,400 kwa dakika. Mita yangu ilionyesha 2,800. Basi, kabla hujaondoka kwa fundi, fanya jaribio hilo. Ukiona 700 au 2,800, badilisha swichi.

Je, inalipa?

Piga hesabu kwa bei za kwako. Tuseme mita na ufundi ni Sh 60,000 na petroli ni Sh 3,000 kwa lita. Gharama hiyo ni sawa na lita 20. Ukiokoa nusu lita kwa wiki, itakuchukua wiki 40 kurudisha fedha yako. Si biashara ya haraka.

Faida kubwa iko kwenye injini. Muulize fundi wako bei ya pistoni, ringi na kuchonga silinda, kisha ongeza mauzo ya siku ambazo pikipiki italala. Anayebeba mizigo milimani kila wiki ana sababu ya kununua. Anayezunguka mjini kwenye tambarare bila mzigo, fedha hiyo aitumie kwanza kwenye oili, kichujio cha hewa na kurekebisha vali.

Mita haiendeshi pikipiki. Ukishaifunga, weka alama mbili kwa rangi: pale injini inapoanza kutetemeka ikiwa na mzigo, na pale isipotakiwa kupita. Kaa katikati ya alama hizo, upande na ushuke.