Fundi hodari, je, ni kiongozi hodari?
Namna ya kupima ufundi na utu tunapochagua wakubwa wa kazi



Katika kambi za wahamaji, kama Kigonze hapa Bunia, kazi nyingi hufanywa kwa makundi: kundi la maji, kundi la usafi, kundi la wahamasishaji wa afya, kundi la kugawa chakula. Kila kundi lina mkubwa wake. Siku mkubwa huyo anapoondoka, swali hufika mezani: nani apandishwe? Mara nyingi jibu hutolewa haraka: "Yule anayeijua kazi kuliko wenzake." Makala hii inaeleza kwa nini jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na namna kamati au shirika linavyoweza kupima vizuri zaidi.

Aina mbili za uwezo

Ufundi ni kuijua kazi yenyewe. Mkubwa wa kundi la maji anapaswa kujua kanuni za Sphere, ambazo mashirika mengi ya misaada huzifuata: angalau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250. Anapaswa pia kujua kupima klorini. Ikiwa kidogo mno, kipindupindu kinaweza kupita. Ikiwa nyingi mno, watu watayakataa maji kwa sababu ya harufu na kurudi mtoni.

Uwezo wa pili ni kuishi na watu: kusikiliza, kueleza uamuzi, kugawa kazi kwa haki, kutunza siri, kupatanisha waliogombana, na kusema "hapa nimekosa" mbele ya wenzako.

Tusichanganye mambo mawili. Kuna "kujua watu", maana yake kuwa na ndugu ofisini na rafiki kwenye kamati. Na kuna kujua kuishi na watu, hata wale wasio wa ukoo wako. La kwanza ni upendeleo. La pili ndilo tunalolitafuta.

Funzo la Ebola

Watu wa Ituri na Kivu Kaskazini wanakumbuka Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Kwa upande wa ufundi, msaada ulikuwa mkubwa kuliko zamani. Kulikuwa na chanjo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Mwaka 2019 ilionekana pia kwamba dawa mbili zilipunguza vifo.

Lakini ufundi huo uligonga ukuta. Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo: karibu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Tima za afya zilipigwa mawe, vituo vikachomwa, na Novemba 2019 wafanyakazi waliuawa huko Biakato, katika Ituri yetu. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo vita na siasa. Hata hivyo, moja ilikuwa wazi: wengi walifikiwa na watu wasiowafahamu, waliokuja na magari mengi na maelezo machache.

Palipokuwa na mabadiliko, ufundi haukupunguzwa. Uliwekwa mahali ambapo watu waliweza kuuona. Huko Beni vilitumika vyumba vya plastiki angavu, ili jamaa amwone mgonjwa wake na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Familia ziliruhusiwa kushuhudia mazishi salama. Mhamasishaji wa mtaa aliyeaminika aliweza kufungua mlango ambao daktari peke yake asingeufungua.

Kwa nini tunakosea?

Kwanza, ufundi huonekana. Diploma unaishika mkononi, na pampu iliyotengenezwa inatoa maji. Subira haina cheti. Kamati inayoogopa lawama hupenda kuchagua kitu inachoweza kukionyesha.

Pili, tunatumia cheo kama zawadi. Fundi amefanya kazi miaka mitano, tunataka kumshukuru, basi tunamfanya mkubwa. Mwaka 1969 Laurence J. Peter alieleza jambo hili katika kitabu chake: mtu hupandishwa kwa sababu anaiweza kazi ya jana, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza. Uchunguzi wa makampuni ya Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta hivyo hivyo: wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi, lakini kwa wastani walikuwa dhaifu katika kusimamia wengine. Tunapoteza fundi mzuri na kupata mkubwa dhaifu. Hasara mara mbili.

Hapa Ituri uzito ni mkubwa zaidi

Mahali pengine mkubwa mbaya huleta uchovu kazini. Kwetu anaweza kuleta zaidi. Vita vya 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu ya watu, na tangu mwisho wa 2017 mauaji yalirudi Djugu. Hata kambi zimeshambuliwa: Plaine Savo Februari 2022, Lala Juni 2023. Familia zilizopita hapo huishi na hofu. Jina moja likikosekana kwenye orodha ya chakula, mtu hafikiri kwamba ni kosa la kuandika. Anafikiri: "Wametukata kwa sababu ya kabila letu." Jibu la mkubwa wa kundi katika dakika ile linaweza kuzima moto au kuuwasha.

Lugha husaidia, lakini haitoshi. Wahema wengi wa Djugu huzungumza Kilendu, na hilo halikuzuia damu kumwagika. Imani hujengwa kwa matendo ya haki yanayorudiwa kila siku.

Hatua za kupima

1. Wekeni kizingiti cha ufundi. Andikeni mambo machache ambayo mkubwa lazima ayajue, kama kupima klorini au kusoma orodha. Asiyefika hapo asipite, hata akipendwa namna gani.

2. Kwa waliovuka kizingiti, pimeni utu. Msichague tena aliye fundi zaidi. Chagueni anayeweza kuwaongoza wengine.

3. Ulizeni walio chini yake na wanaohudumiwa naye, si wakubwa wake peke yao. Waulizeni wanawake kando, mahali wanapoweza kusema kwa uhuru. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wahamaji wa ndani za mwaka 1998, katika kanuni ya 18, zinataka wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada.

4. Ulizeni matendo, si maneno. Badala ya "Je, unapenda amani?", ulizeni: "Mara ya mwisho watu walipogombana kwenye bomba, ulifanya nini?"

5. Mpeni miezi mitatu ya majaribio, kisha waulizeni watu tena.

6. Mheshimuni fundi bila kumfanya mkubwa. Aongezewe malipo, apewe vijana wa kufundisha. Hapo hatakuwa na sababu ya kugombania kiti.

Upande wa pili wa mizani

Tusivuke mpaka upande wa pili. Msemaji mtamu asiyejua kazi ni hatari pia: watu watampenda mpaka siku watoto wataanza kuharisha. Tena, "ana tabia nzuri" ni maneno mepesi kuyageuza. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo vigezo viandikwe na kutangazwa kabla majina hayajatajwa.

Tuchukue mfano. Mtu wa kwanza hutengeneza pampu yoyote, lakini huwafokea wanaouliza. Wa pili hutengeneza matatizo ya kawaida, anapima klorini sawasawa, na foleni yake haina ugomvi. Wa pili awe mkubwa, wa kwanza awe fundi mkuu, na kila mmoja amhitaji mwenzake. Lakini kama wa pili hajui kupima klorini, asubiri na afundishwe kwanza. Kupima klorini hufundishwa kwa muda mfupi. Kuwaheshimu watu huchukua muda mrefu zaidi, na wengine hawajifunzi kamwe.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kambi au kazi yenu, nani alipandishwa mara ya mwisho, na kwa sababu gani?
- Ni mambo gani matatu ya ufundi ambayo mkubwa hawezi kuyakosa?
- Watu wa kabila lingine au wa bloku nyingine wakiulizwa juu ya mkubwa wenu, watasema nini?
- Ni njia gani ya kumshukuru fundi mzuri bila kumpa cheo?

Zungumzeni maswali haya katika kikao kabla kiti hakijabaki wazi. Kiti kikishakuwa wazi, kila mtu huwa tayari ana jina lake mfukoni.