Cheo Kijacho na Nyumba ya Mtumishi wa Umma

Watumishi wengi wa umma nchini Tanzania, wakiwamo walimu, wauguzi na maofisa wa halmashauri, hupanga ujenzi wa nyumba zao kwa kutazama mshahara wa daraja ambalo bado hawajalifikia. Chanzo cha matumaini hayo ni muundo wa utumishi, yaani waraka unaoonyesha ngazi za kila kada pamoja na sifa za kutoka ngazi moja hadi nyingine, ambao humfanya mtumishi aone kwamba baada ya miaka kadhaa ya kazi njema cheo kitamfikia tu. Ukweli ni kwamba sifa binafsi hazitoshi, kwa sababu kupanda cheo hutegemea pia ikama, ambayo ni idadi ya nafasi zilizoidhinishwa katika taasisi, fedha zilizotengwa kwenye bajeti ya mwaka husika, na kibali cha Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi, mambo ambayo bidii ya mtu mmoja haiwezi kuyasogeza.

Mwaka 2016 ulilidhihirisha hilo kwa uchungu. Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila kuwa na watu kazini, kisha ukafuata uhakiki wa vyeti, na watumishi waliokuwa na sifa zote wakabaki katika ngazi zao kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Wakati huohuo sheria ilibadilishwa, na makato ya marejesho ya mkopo wa elimu ya juu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo aliyekuwa akisubiri mshahara ukue aliona fedha ya mkononi ikipungua. Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba watumishi kati ya 85,000 na 91,000 wangepandishwa vyeo, na baadaye ukaja utaratibu ulioitwa mserereko, wa kuwafikisha waliocheleweshwa kwenye ngazi walizostahili. Ilikuwa haki yao, na ilistahili kushangiliwa. Hata hivyo, marejesho ya benki ya miaka ya kusubiri hayakungoja mserereko.

Hata cheo kinapofika kwa wakati, faida yake kwa mkopaji ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na hapa ndipo hesabu inapostahili kufanywa kwa utulivu. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Mtumishi wa mfano anayelipwa shilingi 900,000, ambaye bado anarejesha mkopo wa elimu ya juu, hukatwa mchango wa pensheni wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi ya mapato na ile asilimia 15, jumla ikikaribia shilingi 299,000, na kwa kuwa lazima abaki na 300,000, marejesho ya juu kabisa anayoweza kuruhusiwa ni kama 301,000 kwa mwezi. Akipanda hadi shilingi 1,100,000, karibu 96,000 kati ya zile 200,000 zilizoongezeka huchukuliwa na makato hayohayo, theluthi inayopaswa kubaki nayo hukua, na uwezo wake wa kurejesha huongezeka kwa takriban shilingi 37,500 tu.

Benki, kwa kawaida, hukopesha kwa hati ya mshahara wa leo, na haimpi mtu fedha kwa cheo anachokitumaini. Kamari ya kutegemea cheo basi haichezwi kwenye dirisha la benki, bali kiwanjani, pale mtumishi anapochimba msingi wa vyumba vinne akiwa na fedha za vyumba viwili, akiamini kwamba mkopo wa kwanza utasimamisha boma, na daraja jipya litamwezesha kuongeza mkopo ili apaue. Daraja likichelewa, kuta hukaa miaka bila paa zikinyeshewa, naye huendelea kulipa kodi ya pango huku akirejesha deni la nyumba asiyoweza kulala ndani yake. Wapo wanaoziba pengo hilo kwa mikopo ya mitaani yenye riba ya kuumiza, na wengine hukabidhi kadi zao za benki kwa mkopeshaji, jambo linalowavunjia heshima watu waliolitumikia taifa.

Kusubiri cheo kwanza ndipo mtu akope nako kuna gharama yake, kwa sababu umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60 na mkopo wa nyumba hupangwa uishe kabla ya hapo. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, iliyochukuliwa hapa kwa ajili ya hesabu tu, mtumishi yule wa mfano akikopa akiwa na miaka 45 anaweza kupata kama shilingi milioni 21.5 za kurejesha kwa miaka 15. Akingoja hadi miaka 48 apate daraja la shilingi 1,100,000, atapata kama milioni 22.6 za kurejesha kwa miaka 12. Miaka mitatu ya kungoja itakuwa imemwongezea takriban milioni moja, huku akiwa amelipa pango muda wote huo.