Uvimbe umeshakatwa, pesa iliyobaki itumike wapi?

Mtu akitolewa uvimbe wa mafuta begani au chunjua kubwa shingoni, kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na bili ya kukatwa huwa imeshalipwa. Kwa watu wa wilaya ya Rusizi, Rwanda, hesabu ngumu huanza baada ya hapo: kidonda kifungwe wapi, nyuzi zitolewe na nani, na kile kinyama kilichokatwa kipelekwe maabara au kitupwe. Ninavyoona, wengi hubana pale pasipofaa kubanwa na hutapanya pale ambapo faranga 200 zingetosha.

Tuanze na kidonda. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, hulipa faranga 200 akienda kituo cha afya, na asilimia 10 ya bili akienda hospitali ya wilaya. Mtu wa Bugarama au wa kisiwa cha Nkombo hana sababu ya kusafiri hadi hospitali ya Gihundwe au ya Mibilizi ili atolewe nyuzi sita. Nauli ya pikipiki au ya mashua itapita malipo ya kituoni mara kadhaa, na siku ya kazi imekwenda. Muuguzi wa kituo anaiweza kazi hiyo vizuri. Anachohitaji ni karatasi ya daktari yenye tarehe, kwa kuwa nyuzi hazitolewi siku moja mwili mzima: za usoni siku ya 5 hadi ya 7, za kifuani, mgongoni na mikononi siku ya 10 hadi ya 14, za mguuni siku ya 14 au zaidi. Za usoni zikicheleweshwa huacha alama. Za mguuni zikiwahishwa, kidonda hufumuka na bili huanza upya. Hata nyuzi zikishatoka, ngozi iliyoungana haijapata nguvu yake. Mpakizi wa saruji aliyekatwa uvimbe mgongoni asirudi kwenye mifuko wiki hiyohiyo, hata bosi akinuna.

Kwenye duka la dawa ndiko pesa nyingi hupotea bure. Krimu ya antibiotiki inauzwa kwa bei ya juu kuliko vaselini, lakini kwa kidonda safi cha upasuaji mdogo haina faida kubwa. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 922 na kuchapishwa mwaka 1996 ulilinganisha vaselini na mafuta ya antibiotiki. Tofauti ya maambukizi haikuwa ya maana, na baadhi ya waliopakwa antibiotiki walipata mzio. Maji safi na sabuni, vaselini kutoka kopo jipya, shashi safi: basi. Ile tabia ya kupasua kapsuli na kunyunyizia unga wake kidondani iachwe kabisa, na spiriti isimwagwe kila siku, kwani huunguza ngozi changa. Kidonda kikizidi kuuma baada ya siku ya 3, kikitoa usaha, wekundu au joto likisambaa, au homa ikiingia, kituo cha afya siku hiyohiyo, si dukani.

Kovu linaloota na kupita mipaka ya kidonda ni hesabu nyingine. Ngozi nyeusi hupata makovu hayo zaidi, hasa sikioni, kifuani na mabegani. Kuyatibu ni sindano za kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na daktari wa ngozi wa kuzipiga mara nyingi yuko ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, Huye au Kigali. Kama wewe au ndugu zako mna makovu ya namna hiyo na uvimbe hauumi wala haukui, kutoukata ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Kinyama sasa. Hapa usibane. Kipimo hufanywa katika maabara kubwa, kama za Kigali au Butaro kule Burera, lakini kinachosafiri ni sampuli. Mgonjwa anaweza kubaki mjini Kamembe, Rusizi. Tuseme bili ni faranga 20,000: mwenye mituweli aliyefuata ngazi za rufaa atalipa 2,000, mwenye bima ya RAMA 3,000 kwa asilimia 15 yake, na mwenye mituweli aliyeruka ngazi bila barua ya rufaa atalipa zote. Doa lililodhaniwa si kitu limewahi kuua. Bob Marley aligunduliwa saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981. Kwa watu weusi saratani hiyo hupenda nyayo na kucha, mahali tunapodhani ni sugu au pigo la jiwe.

Wapo wanaovuka mto Ruzizi kwenda Kongo kutibiwa Bukavu. Madaktari wazuri wapo, lakini mituweli haivuki mto, malipo ni taslimu, na tangu waasi wa M23 wauteke mji ule Februari 2025 ni vigumu kuahidi kwamba utarudi tarehe uliyopangiwa. Kwa matibabu yanayotaka ziara mbili au tatu, mimi singechagua huko.

Kabla hujatoka chumba cha upasuaji, uliza: kinyama kimepelekwa maabara gani, majibu yatakuja lini na kwa nani, nyuzi zitolewe siku gani? Omba yaandikwe, na umwachie daktari namba ya simu inayopatikana.