UMEME BADALA YA CHOKAA

Ukali wa maziwa mgando ni asidi ya maziwa. Viwandani, vijidudu hulishwa sukari wakaitoa asidi hiyo. Lakini ikizidi, huwadhuru wao wenyewe. Desturi ya miaka mingi ni kuipoza kwa chokaa, kisha kuikomboa kwa asidi ya salfa. Kila tani moja ya asidi ya maziwa huacha takriban tani moja ya jasi, nayo mara nyingi hutupwa.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha njia nyingine ya kuvuna asidi za uchachushaji. Ncha mbili za umeme hutenganishwa kwa utando. Umeme huivuta asidi ivuke utando, ikusanyike kwenye ncha chanya. Kwenye ncha hasi maji huzaa alkali ifanyayo kazi ya chokaa.

Hatusemi umeme ni wa bure. Gharama yake ni kikwazo cha kweli. Lakini twasema: anayehesabu bei ya umeme, na ahesabu pia chokaa, asidi ya salfa, na lundo la taka wanaloachiwa wafanyakazi na majirani. Hesabu isiyokamilika si hesabu.