Mtoto Aliyenyong'onyea Baada ya Mafuriko Asikilizwe

Mafuriko ya Aprili 2024 wilayani Rufiji na Kibiti yaliharibu makazi na mashamba. Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza hasara kama hiyo. Wazazi na walezi wa Mloka na vijiji vingine vya bonde la Rufiji wanakumbushwa kuwa mtoto aliyeacha kucheza, aliyeanza tena kukojoa kitandani, au anayelia kila mvua inaponyesha, si mtundu wala hakurogwa. Asichapwe. Kumwambia "wenzako wamesahau" humzidishia ukimya tu. Aketi na mtu anayemwamini, aulizwe kwa upole. Hali ikizidi wiki mbili, apelekwe kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, haina malipo.