Namna ya kuchora chungu

Watoto, chungu mnakijua wote. Mama anapikia maharagi ndani yake. Lakini mwalimu akisema: «Kichoreni», wengi wanaona kwamba hawajakitazama hata siku moja.

Twaeni chungu, mkiweke juu ya meza karibu na dirisha, nuru itoke upande mmoja tu. Chini yake tandikeni kitambaa cheupe.

Sasa tazama mdomo wa chungu. Wajua kwamba ni mviringo, maana umetia mkono ndani yake mara nyingi. Kwa hiyo mtoto asiyefundishwa huchora mviringo kamili, kama mwezi mpevu. Picha yake inakuwa ya ajabu: chungu kinalala kifudifudi, na maharagi yangemwagika yote! Kosa liko wapi? Amechora anachokijua, hakuchora anachokiona.

Jaribu hivi. Inua chungu mpaka mdomo uwe sawa na macho yako. Unaona nini? Mstari tu. Kishushe polepole. Mdomo unafunguka, kwanza mwembamba kama jani la mwembe, kisha mnene kama yai. Kiweke chini miguuni, ukitazame toka juu: sasa ndiyo mviringo kamili. Chungu hakikugeuka. Ni jicho lako lililobadili mahali. Basi chora umbo unaloliona kutoka kitini pako. Ila pembeni usifanye ncha kama za jani, maana mdomo wa chungu hauna pembe.

Ukimaliza mistari ya nje, chungu bado ni bapa kama karatasi. Giza na nuru ndivyo vitakavyokipa tumbo. Fumba macho nusu. Utaona upande wa dirisha unang'aa, katikati rangi yafifia, na upande wa pili ni giza. Lakini angalia vizuri: giza kuu halipo ukingoni kabisa. Karibu na ukingo, chini, kuna weupe kidogo. Umetoka wapi, na dirisha liko upande mwingine? Umetoka kwenye kitambaa: nuru inakipiga, kisha inarudi juu ya chungu. Ondoa kitambaa, nao weupe unapungua. Watoto wengi hupaka giza mpaka mwisho, na chungu chao hakiviringiki.

Usipake giza kwa kidole, utachafua karatasi. Piga mistari myembamba iliyo karibu karibu. Penye giza zaidi, pitisha mingine juu yake ya kukatana nayo. Mwenze Kibwanga, mchoraji wa Katanga aliyefundishwa na Pierre Romain-Desfossés mjini Élisabethville (leo Lubumbashi), alijaza watu na wanyama wake mistari mifupi mifupi. Yeye alitaka pambo kuliko kivuli, lakini ona jinsi mkono uliozoea mistari usivyohitaji kupakaza.

Mwisho, kivuli kinacholala juu ya meza. Bila hicho chungu kinaelea hewani. Kinaanzia pale pale chungu kinapogusa kitambaa, na hapo ndipo kilipo cheusi kuliko pote.

Jua halimngoji mchoraji. Tangu mwanzo weka alama ndogo kwenye mpaka wa kivuli. Baada ya saa moja kitakuwa kimehama, nawe usikifuate.