Mushale wa manometa ukiwa ku zero

"Fungula tu, Yaya, manometa iko ku zero." Maneno haya tumeyasikia mara nyingi mu atelie za Lubumbashi, na siku moja sisi wenyewe tuliyaamini. Ilikuwa filtre ndogo ya kusafisha maji ya asidi. Tulipofika ku buloni ya tano, kifuniko kikanyanyuka kidogo upande wetu na maji yakatoka kwa nguvu. Miwani njo iliokoa macho; shati haikupona. Kisha tulitoa manometa na kuangalia tundu lake: matope makavu, yameziba kabisa. Pompi ifanye kazi ao isimame, mushale ulikuwa unakaa palepale.

Mu viwanda vya Ruashi, Fungurume na Kolwezi, kazi ni namna moja. Mawe yanayeyushwa na asidi ya sulfuriki. Maji yale yanachanganywa na mafuta yanayofanana na petroli ya taa, yenye dawa ya kukamata shaba. Kisha asidi kali zaidi inayanyang'anya mafuta ile shaba, na umeme unaigandisha kuwa katodi. Mabeseni makubwa ya kuchanganyia na kutulizia hayana presiyo. Presiyo iko mu pompi, mu mabomba, na zaidi mu filtre zinazosafisha maji mbele ya kwenda ku umeme. Na filtre njo chombo ambacho mutu anafungua na mikono yake, mara nyingi jurnalie ambaye hawezi kumwambia shefu "bado".

Wengi wanasema bar 4 ni kidogo, hata gurudumu la kamyo linabeba zaidi. Tupige hesabu. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimeta 60, kwa bar 4, kinasukumwa na uzito unaopita tani 11. Sasa chukua manometa mupya, ya haki, ya 0 mpaka 16, iliyoandikwa "klasi 1.6". Maana yake: mwenye kuitengeneza anakubali kosa la asilimia 1.6 ya kipimo chote, ni kusema karibu robo ya bar. Robo ile mushale unaweza kukosa kuionyesha, lakini ku kifuniko kile inasukuma zaidi ya kilo 700. Na hiyo ni manometa ambayo haijaharibika.

Kwa hiyo, mbele ya kugusa funguo, zero inatengenezwa. Pompi inasimamishwa, robine za pande mbili zinafungwa, kisha robine ndogo ya kupumulia inafunguliwa, mudomo wake ukielekea ku beseni, hapana ku miguu ya mutu. Utasikia chombo kinapumua. Ikiwa hakuna kitu kinatoka, hata tone, usifurahi mbio: labda robine yenyewe imeziba, na hapo unaita mukubwa wa kazi. Buloni ya kwanza kulegezwa ni ile iliyo mbali na wewe, bila kuitoa, ili kitu kikitoka kitokee upande ule.

Ku kununua, makosa yanaanza na saa yenyewe. Wauzaji wa vyuma vya zamani ku Kenya wako na manometa za kila namna, na mutu anachukua ya 0 mpaka 25 kwa sababu "iko na nguvu". Kwa kazi ya bar 4, chagua ya 0 mpaka 6, ao ya 0 mpaka 10 ikiwa pompi inaweza kupita 6. Soma vilevile jina la kipimo. Manometa nyingi za kutoka China zinaandika MPa, na MPa 1 ni bar 10: mushale ukiwa ku 0.4, kijana anaona karibu zero, kumbe ni zile bar 4 za tani 11. Karibu na pompi omba yenye gliserini ndani, sababu mutetemo unakula meno ya saa. Na mahali pa matope, saa ipate ngozi nyembamba ya chuma mbele yake, ili uchafu usifike ku tundu. Sisi tungekuwa nayo, shati ingekuwa hai.

Robine inaomba akili ingine. Mupira wa EPDM unavumilia asidi muzuri sana, lakini mafuta yale ya namna ya petroli yanauvimbisha. Mukono wa robine unakuwa muzito, fundi anaongeza bomba la kulazimisha, na mupira unapasuka. Upande wa mafuta tafuta FKM, ambayo wengi wanaita Viton, ao teflon. Mafuta yakivuja kwa presiyo yanaruka sawa mvua nyembamba, na mvua ile inapenda moto. Huko Australia, moto uliunguza sehemu ya kazi hii ku Olympic Dam mara mbili, mu 1999 na 2001. Robine za rangi ya dhahabu, zile za maji ya nyumba, ziache nyumbani, asidi inazila. Ku chuma cha robine tafuta maandishi 316 ao CF8M, na PN 16 kwa presiyo. Sumaku haitakusaidia kujua 304 na 316, hata muuzaji akiapa. Na usifunge kwa mukono wa haraka: maji yakisimamishwa mara moja yanapiga bomba sawa nyundo.

Supape ya usalama inalia, watu wanaifunga na kizibo ili ilale. Hapa hatuna maneno mengi: wanaifanya filtre kuwa bomu.

Robine isiyozungushwa inagandama, basi tunazizungusha zote mara moja kwa mwezi. Manometa tunazilinganisha na moja nzuri ambayo inakaa mu sanduku, na tarehe tunaiandika ku kioo.

Kuhusu filtre yetu, kisha ile ajali tuliizunguka yote. Mahali pa robine ya kupumulia, mwenye kuiunga alikuwa ameweka kizibo cha chuma. Tuliomba robine, ilikuja kisha juma tatu. Juma zile tatu hatukuifungua, hata shefu alipokasirika.